Siki Kwenye Makopo ya Filamu

Mimi shule niliacha darasa la saba, ila pua yangu ilikuwa na cheo. Kazi yangu ilikuwa kunusa. Kumbukumbu za serikali, vizazi, vifo, ndoa, viwanja, zote zilipigwa picha zamani kwenye filamu ndogondogo, zikawekwa ndani ya makopo, chumba cha chini. Filamu ikianza kuoza inatoa harufu ya siki. Kila asubuhi nafungua makopo, nanusa, nafunga. Basi.

Aliyenifundisha ni mjomba, kaka yake mama, msimamizi wa chumba. Yeye ananiita mjomba, mimi namwita mjomba. Watu wa kompyuta kule ghorofani walituita wajomba wa makaburini.

Mjomba hakuwa anawaogopa. "Makaratasi yenyewe yalishaliwa na mchwa," aliwaambia. "Na nyinyi kila mkibadilisha mashine mnapoteza kitu. Juzi vizazi vya mwaka mzima vimefutika, mkaja kuviomba kwa nani? Filamu inataka taa na lenzi tu."

Maneno hayo nilikuwa nayarudia mtaani mpaka wenzangu wakanichoka.

Sheria ilikuwa hivi: kumbukumbu za kudumu zikae kwenye kompyuta na kwenye filamu, kote kuwili. Filamu inatupwa ikiwa imeoza tu. Siku moja akaja mkaguzi, mama mmoja mwenye miwani inayoning'inia shingoni.

"Nani ananusa hapa?"

"Kijana wangu huyu," mjomba akasema. "Hana kona kona. Atakwambia ukweli."

Nikafungua kopo la kwanza. Siki. La pili, siki. Rafu nzima. Nikarudia kunusa, maana juzi tu yalikuwa safi. Nikamtazama mjomba, kainamisha kichwa kama mtu aliyefiwa.

"Zimeoza, mama," nikasema.

Mkaguzi akaagiza lori.

Siku ya kuzitupa, nikiwa nabeba makopo, moja likaniponyoka ngazini, filamu ikamwagika. Nikaanza kuizungusha niirudishe, nikasita. Filamu iliyooza inajikunjakunja na kukatika kama jani kavu. Hii ilikuwa laini, inateleza vidoleni. Ndani ya kopo, chini kabisa, kulikuwa na kipande cha pamba kimelowa. Nikanusa. Siki ya jikoni.

"Mjomba, hii nini?"

Hata hakubisha. "Wale wa ghorofani wameniahidi ukuu wa chumba cha kompyuta, wakishakifunga hiki. Na wewe nimekuombea kiti huko, chini ya kiyoyozi. Utaacha kunusanusa kama paka."

"Si ungeniambia?"

"Ungekubali kuongopa?"

"Hapana."

"Ndiyo hivyo. Wewe uongo hujui, unaonekana usoni. Nilitaka mtu wanayemwamini."

Hapo ndipo paliponiuma. Bora angenitukana.

Mkaguzi alikuwa uani anasimamia lori. Nikamfuata na kopo, mjomba nyuma yangu. Akavaa miwani, akaikunja filamu, akaikunjua. Haikukatika. Akaiokota pamba kwa ncha za kucha.

"Nani katia hii?"

Mjomba akacheka kidogo. "Huyu namlea tangu baba yake afariki, mama. Leo ana mafua, msamehe."

"Ni yeye," nikasema. "Mjomba wangu."

Mjomba akaniangalia kama ananiona mara ya kwanza. Mkaguzi akamwambia dereva azime injini, mzigo ushushwe wote. Nikaushusha mwenyewe.

Nyumbani nilimkuta mama kasimama mlangoni. Alishapigiwa simu.

"Unamuuza kaka yangu kwa ajili ya makopo?"

"Mama, yeye ndiye aliyeniuza mimi."

"Amekuuza wapi? Mwezi mzima anakuhangaikia kile kiti, mpaka mimi nikauchuna kimya nisikuharibie."

"Kumbe ulijua? Na siki?"

Akajifanya kukunja kanga iliyokuwa imekunjwa tayari.

"Wewe ulitaka ukae kule shimoni mpaka lini?" akasema, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango.