Sala ya Misumari Mdomoni

Fundi wa makochi hubana misumari kwa midomo. Ndivyo kazi inavyotaka: mkono mmoja unavuta kitambaa kikaze, mwingine una nyundo, na misumari midogo iko mdomoni, unachomoa mmoja mmoja. Kwa hiyo fundi akiwa kazini hakujibu, na ukiona anakujibu ujue kazi imelala. Kijana wetu, ambaye kanisani walimwita Mtoto wa Madhabahu, aliipenda kazi hiyo kwa sababu hiyo hiyo. Karakana ya mjomba wake ndiyo mahali pekee ambapo hakuna aliyemtaka aseme kitu.

Jumamosi ile alikuwa anakivika kitambaa kipya kibao cha kupigia magoti, kile kinachokaa mbele ya madhabahu. Kesho yake yeye mwenyewe angepiga magoti juu yake, Baba Askofu amwekee mikono, ainuke mchungaji. Wazee wa kanisa waliona ni jambo la kupendeza mno, mtumishi kujitengenezea mahali pa kubarikiwa. Yeye aliona anajishonea gunia la kujifungia, ila hilo hakumwambia mtu.

Mambo yenyewe yalianza kabla hajazaliwa. Mama yake alikuwa amekaa kwenye ndoa miaka mingi, mimba zikishika na kutoka, mpaka mawifi wakaanza kumsema hadharani. Siku moja akapiga magoti kwenye kibao hiki hiki, mbele ya kanisa zima, akapaza sauti: akipewa mtoto wa kiume atamrudisha kwa Bwana awe mchungaji. Mtoto akaja. Ahadi ni deni, na deni hili lilikuwa na mashahidi wa kujaza mabenchi. Tangu hapo akawa mtoto wa kila mtu. Akicheza mpira, mama mmoja wa kanisa anamvuta pembeni kumkumbusha kwamba yeye si wa mpira. Akigombana na wenzake, habari zinafika nyumbani kabla yake. Ulipofika wakati wa kwenda chuo cha uchungaji hakuna aliyemuuliza kama anataka. Walimuuliza kama ana sanduku.

Chuo alimaliza, tena vizuri. Kuhubiri alijua, na watu walilia. Taabu ni kwamba yeye hakulia. Akisimama kuomba mbele za watu maneno yalitiririka, na kila neno lilitoka kavu. Wenzake walisimulia walivyoitwa, huyu akiwa shambani, yule akiwa kwenye kitanda cha hospitali. Yeye aliungoja wito wake miaka yote ile akaambulia kimya. Si kwamba hakumwamini Mungu. Alijua yupo, na alijua hata anapokutana naye: karakanani, misumari mdomoni, akiwa hana nafasi ya neno hata moja. Hapo moyo wake ulifunguka wenyewe, wakakaa pamoja kama watu wawili waliozoeana. Lakini jambo kama hilo utamweleza nani? Utamwambia askofu kwamba Mungu anapatikana kwenye vumbi la sponji?

Mjomba alishahisi. Alikuwa mtu wa masihara, kaka wa mama huyo huyo, na alipenda kusema kwamba hata katika ufalme wa Mungu watu wataketi, maana tumeahidiwa karamu na karamu hailiwi watu wamesimama. Sasa hivyo viti vitatengenezwa na nani, maaskofu? Jumamosi ile hakutania. Aliweka mkasi chini akamtazama mpwa wake.

"Mwambie mama yako," alisema.

Kijana alitema misumari kiganjani. "Itamuua, mjomba."

"Haimuui. Itamuuma."

Hawakuendelea, kwa sababu mama mwenyewe alikuwa mlangoni na fimbo yake. Magoti yake yalikwisha kwa kupigwa miaka na miaka. Daktari alishamkataza, na siku hizi aliomba ameketi, jambo lililomtia aibu kama mtu aliyekutwa anakula kabla ya wageni. Kijana akairudisha misumari mdomoni haraka. Mama alimgombeza kaka yake kwa uchafu wa karakana, kisha akaiona sponji ya zamani imetupwa kwenye kona, ina mashimo mawili ya magoti. Aliiokota, akaipangusa, akasema machozi yake yote yamo humo. Halafu akaminya sponji mpya kwa kidole, akaona ni ngumu, akasema si kitu, mwanawe bado ana magoti ya ujana.

"Mwanangu," alisema kabla hajaondoka, "una furaha?"

Swali hilo hakuwahi kumuuliza. Lilikuwa swali zima, lenye mlango, na mama alikuwa ameufungua yeye mwenyewe. Kijana angeweza kutema misumari. Mjomba aligeuka kumtazama, nyundo ikabaki hewani. Kijana akatikisa kichwa kukubali. Mama akamshukuru Yesu, akaenda zake akichechemea, na kijana akarudi kwenye kitambaa. Akajaribu kuomba kama alivyozoea, mdomo umejaa, kimya. Safari hii kimya kilikuwa kimya tu. Hata hapo palikuwa pamefungwa, na aliyepafunga ni yeye.

Jumapili kanisa lilifurika. Pale kwao kuna desturi: Baba Askofu humuuliza anayewekewa mikono ni nani aliyemwita. Akishajibu, askofu huinua mkono, na kanisa zima huitika, "Tumesikia." Wameitika hivyo tangu enzi za babu zao, mpaka imekuwa wanaujibu mkono, si maneno. Jibu lenyewe kijana alikuwa amekaririshwa. Alipiga magoti, akasikia sponji yake ngumu ikimsukuma kutoka chini. Mbele palikuwa na askofu, nyuma palikuwa na kanisa, na yeye katikati hana pa kutokea.

"Nani aliyekuita?" askofu akauliza.

"Mama yangu," alisema kwa sauti ya wazi. "Mungu sijamsikia akiniita."

Mkono wa askofu ulikuwa umeshaanza kupanda. Mkono uliozoea haungoji.

"Tumesikia!" kanisa likaitika. Vigelegele vikapigwa, kwaya ikaingia kwa nguvu. Kijana aligeuka nyuma akaona nyuso zote zinatabasamu. Askofu alikunja uso kidogo, kama mtu aliyekanyaga kitu gizani, lakini wimbo ulikuwa umeanza na yeye ni mtu wa utaratibu. Kijana aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa. Uongo ulimfunga, hilo alilielewa; ukweli nao ukishasemwa na usifungue kitu, mtu anabaki na nini? Aliona mikono ya askofu inamjia, akainamisha kichwa.

Fimbo ikagonga sakafu. Mama alikuwa ameinuka kutoka benchi la mbele. Watu wengine waliutazama mkono. Yeye alimsikiliza mwanawe. Wazee wa kanisa wakadhani furaha imemzidi, wakampisha. Alikuja hatua kwa hatua mpaka kwenye kibao.

"Toka hapo, mwanangu."

"Mama, magoti yako..."

"Toka. Hapo ni pangu. Niliyeapa ni mimi, wewe hukuwepo."

Kijana akainuka. Mama akaiachia fimbo, akashika ukingo wa kibao, akayakunja magoti yale yaliyokatazwa. Maumivu yalimtoa sauti, na kwaya ikanyamaza sauti moja baada ya nyingine. Mikono ya Baba Askofu ilibaki hewani, chini yake hamna kichwa. Mama hakupaza sauti kama zamani. Aliongea kama mtu anayeongea na mwenye nyumba sebuleni.

"Bwana, nilikupa kitu ambacho hukuniomba," alisema. "Tena hakikuwa changu."

Baada ya hapo midomo yake ilitulia, wala haikutoka tena sauti. Kijana aliitambua sala ya namna hiyo. Alisimama kando yake, kanisa zima likimtazama, na kwa mara ya kwanza humo ndani hakutafuta la kusema. Kisha akaona magoti ya mama yanatetemeka juu ya sponji mpya, akainama amshike mabega amwinue.

Mama akausukuma mkono wake taratibu.

"Ngoja," alisema. "Sijamaliza naye."