Ili Amsikie, Azime Injini

Kuna wanaume ambao mke akiongea huzima televisheni wamsikilize. Wapo, tunaambiwa. Bawa yeye alizima injini ya ndege, naye yumo ndani, angani, na wala hayakuwa mapenzi hayo. Ulikuwa ubovu wa nyaya.

Bawa alikuwa fundi wa mabasi mpaka alipostaafu. Wenzake walipostaafu walijifunza kulala mchana, yeye akaanza kuunda ndege: mabomba ya alumini, turubai lililopakwa rangi likakakamaa, kiti kimoja cha basi, na injini ya pampu ya zimamoto aliyoipata mnadani. Watu walimcheka wakachoka. Mdogo wake, mchomeleaji mwenye karakana pale pale jirani, alimcheka kuliko wote huku akimchomelea. Miaka ikaenda, dude likaruka, na wale wale waliocheka wakawa ndio wanaoleta wageni kulishangaa. Jina la Bawa walimpa kwa kejeli, likaja kubaki kwa heshima.

Mkewe walimwita Opareta. Enzi zile za kumpigia mtu simu kupitia kwa dada anayechomeka waya ubaoni, dada mwenyewe alikuwa yeye, na sauti yake ilikuwa haipandi wala haishuki hata ukimtukana. Simu za mkononi zikamfuta kazi. Hakukaa kulia. Akajifunza redio ya ridhaa, ile ya watu binafsi kuzungumza wenyewe kwa wenyewe mji kwa mji, akafanya mtihani, akapata leseni, kisha akamkalia mumewe kooni mpaka naye akaipata yake. Chumba cha watoto kikageuzwa chumba cha redio, maana watoto walishaoa na kuolewa: meza, redio, betri ya gari chini ya meza, na antena juu ya bati.

Sasa, mtu akiwa juu sauti yake inafika mbali ajabu. Bawa akiruka na redio yake mapajani, watu wa miji ambayo Opareta hakuwahi kuipata kutoka nyumbani walimsikia kama yuko sebuleni kwao. Wao walimsikia. Yeye hakusikia kitu. Plagi za injini ile ya pampu zilipokuwa zikitoa cheche, redio ilikaanga kama sufuria ya bisi, na humo ndani sauti ya mtu haikupata pa kupenya. Ndipo mke na mume wakabuni kitu walichokiita dirisha. Bawa anapanda juu, anatangaza kwamba anafungua dirisha, anazima injini, ndege inaelea yenyewe ikishuka taratibu, naye anasikiliza. Akiridhika anavuta kamba iliyo ubavuni mwa kiti, kama unavyowasha jenereta, injini inanguruma, na dirisha limefungwa. Nani aongee dirishani, alipanga Opareta. Kazi yake ya zamani ilikuwa imemrudia kwa mlango wa nyuma.

Dawa ya ubovu huo ilijulikana. Ni kuzivisha nyaya za plagi ganda la nyuzi za shaba, basi, kazi ya mchana mmoja. Ganda lenyewe lilikuwemo kwenye droo. Siku moja Bawa alilitoa, akakaa nalo mkononi, akamuuliza mkewe kama alifunge. Opareta akamwambia aache hivyo hivyo, maana akishatengeneza atakuwa anamsikia huko juu kama anavyomsikia humu ndani, yaani kwa sikio moja, na lenyewe liko kwenye gazeti. Wakacheka mpaka machozi. Ganda likarudishwa drooni. Kicheko kile, laiti kingewapalia.

Asubuhi tunayoizungumzia hapa mbingu zilikuwa nyeupe, upepo hakuna. Bawa alikuwa uwanjani nyuma ya nyumba akijaza petroli kwenye tangi lililo juu, nyuma ya mabega ya rubani. Opareta akamwita kutoka dirishani, chai inapoa, halafu kuna habari ya Mwalimu. Huyu Mwalimu alikuwa mkuu wa shule mstaafu aliyeishi ng'ambo ya mlima. Kwa sababu ya mlima, Opareta hakumpata redioni wala yeye hakumpata Opareta. Wote wawili walimpata Bawa tu. Alikuwa ameomba siku nyingi apewe yeye dirisha la kwanza, wajukuu zake wamsalimie mtu aliye angani, na Opareta alikuwa amemkubalia kwa simu. Bawa akaingia, akanywa chai kwa kusimama, akasema Mwalimu ana maneno mengi yule, atamwelezea historia ya dunia ndege ianguke. Akafuta mdomo kwa kiganja, akatoka. Mdogo wake akaisukuma ndege, akakimbia nayo kidogo kama kawaida yake, akabaki akipunga mkono.

Opareta alipokwenda kuondoa kikombe, kwenye kisahani akakuta kifuniko cha tangi la petroli.

Alikiangalia tu kwanza. Unajua mtu anavyoangalia kitu anachokijua mahali kisipopaswa kuwa. Kisha akakichukua, akaenda nacho mbio kwenye redio. Tangi lililo wazi angani halimwagiki kama ndoo. Upepo unapita juu ya mdomo wake unalinyonya, na rubani aliyelipa mgongo haoni wala hanusi, kwa sababu harufu yote inabaki nyuma yake. Bawa hakuwa na kipimo cha petroli. Alikuwa na saa ya mkononi, na saa ingemwambia ana petroli ya kumtosha kwenda na kurudi.

Akabonyeza kitufe, akaita. Akasema arudi, arudi sasa hivi, tangi liko wazi. Alisema kwa sauti ile ile ya ubaoni, akarudia, akarudia, na alijua kabisa anaiambia sufuria ya bisi. Bawa alikuwa akimjibu mtu asiyemwuliza: kuwa leo anaona mpaka kule kwenye minara, kuwa msitu wa miti ya mbao ule umekua, kuwa anauvuka apate kuukaribia mlima, Mwalimu ampate safi. Simu ya Bawa ilikuwa pale pale kwenye rafu, inachajiwa. Opareta akachukua yake, akampigia Mwalimu anyamaze, amwachie dirisha. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, na tena. Mwalimu alikuwa ameketi na vidude vya masikioni, wajukuu wamemzunguka, anangoja zamu yake.

"Opareta, nafungua dirisha," Bawa akasema, na mngurumo ukakatika.

Opareta akaongea mara moja, neno fupi, kama alivyofundishwa ujanani: Bawa, rudi, tangi wazi. Lakini kule ng'ambo Mwalimu naye alikuwa amefungua mdomo, yuko karibu na Bawa kuliko yeye, na redio yake ina nguvu maradufu. Redio inapopokea wawili humchukua mwenye nguvu na kummeza mwingine. Opareta alilijua hilo na bado aliendelea kuongea, kwa sababu angefanya nini. Mngurumo uliporudi, Bawa alikuwa akicheka. Akasema watoto wale wamemfurahisha, kuna mmoja amemwuliza kama mawingu ni baridi, na kwamba Mwalimu leo kajitahidi kufupisha. Akasema wewe Opareta sijakupata, umemezwa. Nitafungua jingine nikishafika mgongo wa mlima.

Mgongo wa mlima. Alikuwa anazidi kwenda.

Hapo Opareta alipiga kelele. Mwanamke ambaye hajawahi kupandisha sauti miaka yote alimfokea mume asiyemsikia, akamwita kichwa maji, akamwita majina ambayo hayaandikiki, mpaka mate yakamkauka. Shemeji yake aliyesikia kutoka karakanani akaja mbio na kofia ya kuchomelea bado kichwani. Opareta akamwonyesha kile kifuniko, ikatosha. Shemeji akatoka kama alivyoingia, akaenda kutafuta wenye pikipiki. Kwenda wapi, hakujua. Msitu ule ukiingia upande mmoja unatokea upande wa pili kesho yake.

Simu ikalia. Mwalimu alikuwa ameona kwamba amepigiwa, anaomba radhi, anauliza kama wajukuu wamesikika vizuri. Opareta akamweleza. Upande wa pili mzee akaanza kulia, kabisa, watoto wakimwuliza ana nini. Akasema hataigusa redio tena. Akasema, kama vile inasaidia, kwamba anaizima na umeme anaukata.

Zikabaki dakika ambazo Opareta hakuwa na kazi nazo. Alishika kitufe bila kukibonyeza. Akamwomba Mungu injini iendelee, kisha akaona ujinga wa dua yake, maana ikiendelea Bawa hasikii. Akaomba izimwe basi, amwambie. Akaona hiyo nayo ni ujinga, maana ikizimwa na tangi likiwa limekauka haitawaka. Akakaa katikati ya dua mbili, hana hata moja ya kupeleka.

"Dirisha," Bawa akasema. Kimya kikashuka.

"Bawa, tangi halina kifuniko. Petroli inavuja. Geuka, washa, rudi."

Akaachia kitufe. Alisikia upepo kwenye nyaya za mabawa ya ndege. Akamsikia mumewe akivuta kamba huku kitufe chake kimebonyezwa: injini ikakohoa. Akavuta tena. Ikakohoa, safari hii kidogo kuliko mwanzo. Kama petroli ilikuwepo, ilikuwa ya kumgeuza tu injini ikiwa bado inawaka, ya kuwasha upya haikuwepo; bomba lilishaingia hewa. Akavuta mpaka Opareta akasikia pumzi zake zikipanda, na ya mwisho hata kikohozi haikutoa.

"Nimelipata kosa langu," Bawa akasema. Sauti yake ilikuwa karibu mno, haina mkaango wowote. "Nilikiweka kwenye kisahani, sivyo?"

"Kipo hapa."

"Chini ni miti mitupu, mama. Hakuna hata pa kutua ndege wa kweli. Nakusikia vizuri. Sijawahi kukusikia vizuri hivi. Usinyamaze, tafadhali. Sema chochote."

Basi akasema. Kwanza alisema kama Opareta: akaze mkanda, atafute miti mifupi, anyanyue pua mwishoni, afunike uso. Akaachia kitufe, Bawa akajibu ndiyo, ndiyo, nimekaza. Akabonyeza tena, na hapo sauti ya ubaoni ikamwishia, akabaki na yake ya kawaida ambayo hakuwahi kuitumia redioni.

"Mume wangu, naogopa," akasema. "Zile nyaya, mimi ndiye niliyekuambia uziache. Nilijua ubaya wake. Nilitaka tu pawe na mahali pamoja unaponisikiliza."

Redio hizi zina jambo moja. Ukibonyeza unasema, na ukisema husikii. Mwenzako anaweza kukujibu, anaweza kukuita, anaweza kulia; maadamu kidole chako kiko pale hutajua. Opareta alijua hilo kuliko mtu yeyote. Alijua pia kwamba akiachia kidole atakuta kimojawapo kati ya viwili, sauti ya Bawa au mvumo mtupu, na kwamba muda wa kukuta sauti unazidi kupita anapofikiri. Hakuachia. Akaendelea kusema. Akamsimulia binti yao alipiga jana, kitoto kimeota jino. Akamsimulia siku ile ya kwanza alipomwona karakanani uso umejaa grisi, akawaambia wenzake huyu hata kwa dawa simtaki. Akamwambia anampenda, akalisema tena polepole, asije akalikosa.

Kuelea kwa ndege ile kulikuwa na kikomo. Kutoka urefu ule, maji ya chai hayachemki kabla ndege haijafika chini. Bado alikuwa akisema.

Shemeji yake akarudi. Wenye pikipiki walikuwa wameshaondoka kuelekea msituni, yeye alikuwa amesimama uwanjani akitazama mbali mpaka macho yakamwuma, na hakuna kilichorudi upande wa huku. Alipoingia akamkuta ameinama juu ya redio, anaongea taratibu, kidole kimegeuka cheupe kwa kubana. Akafikiri kaka yake yuko hai, uso ukamchangamka. Kisha akatazama saa ya ukutani.

"Shemeji," akasema, "achia basi tumsikie."

Opareta akatikisa kichwa bila kumtazama. Kwake yeye, huko juu injini imezimwa, mtu ametulia, anamsikiliza neno kwa neno, na hakuna aliyekuwa tayari kumwonyesha vinginevyo, si yeye wala redio. Shemeji akanyoosha mkono kukitoa kile kidole, ukafika nusu ya njia, ukarudi. Akavua kofia ya kuchomelea, akakaa chini karibu na betri, akaficha uso. Opareta alikuwa amefika kwenye habari ya mlango wa jikoni, kwamba umevimba tangu mvua zianze na haufungi, na kwamba akirudi aupige randa kidogo kwa chini.