Pisha Kioo

Barabara ile ilikuwa na adabu zake, na fundi vioo alizijua zote. Gari dogo hulipisha kubwa, kubwa hulipisha lori, na lori halimpishi mtu ila siku limeharibika. Baiskeli haikuwemo kabisa. Baiskeli ilikuwa kama nzi kwenye chumba cha wageni: kila mtu anaifukuza na hakuna anayejiuliza inakwenda wapi. Ukithubutu kulalamika, dereva anakutolea kichwa dirishani na kukukumbusha kwamba mwenye nguvu mpishe, utadhani methali hiyo iliandikwa kwenye leseni yake.

Fundi alikuwa akiendesha baiskeli humo tangu hajaoa. Kazi yake ilikuwa kupima madirisha ya watu, kukata kioo kwenye karakana yake, kukifunga kwenye karia ya baiskeli na kwenda kukipachika. Na katika kazi hiyo aligundua jambo ambalo lilimtia hasira kila alipolifikiria, na alilifikiria kila siku. Akiwa amebeba kioo, magari yanampisha. Yanampisha kweli kweli! Madereva wanapunguza mwendo, wanakaa mbali naye, wengine wanampungia mkono apite kwanza. Akishakifikisha kioo kwa mteja na kuanza kurudi na karia tupu, madereva wale wale wanamsukumia mtaroni.

Mwanzoni alidhani ni bahati. Kisha akadhani ni huruma, kwamba watu wanaogopa asije akakatwa. Mpaka siku moja kwenye foleni dereva mmoja akamtoa ujinga.

"Pita wewe kwanza, mzee," dereva alimwambia kwa upole mwingi. "Hicho kioo kikinigusa mlango, rangi yote kwisha."

Fundi akapita, akashukuru kwa mazoea, akaendelea kukanyaga pedali huku moyo umemvimba. Kumbe miaka yote hiyo hakuna aliyemwogopea yeye. Walikuwa wakiiogopea rangi.

Basi, dawa ya moto ni moto. Akachukua kioo cha kujitazamia kilichokataliwa na mteja kwa sababu ya kona iliyomeguka, akakitia fremu ya mbao, akakifunga kwa mipira ubavuni mwa karia, kikatokeza nje kiasi cha kila dereva kukiona. Tangu hapo hakupanda baiskeli bila kioo hicho, awe anakwenda kazini, sokoni au msibani. Mtaani wakamwita Bwana Harusi, kwa kuwa hakuna mwanamume mwingine aliyetembea na kioo asubuhi hadi jioni. Alicheka nao na hakueleza kitu. Utaanzaje kuwaeleza watu kwamba umefika mahali pa kujificha nyuma ya kioo? Mkewe peke yake ndiye aliyejua.

Kisha binti yake wa kwanza akapata kazi kwenye maabara ya kutengeneza meno ya bandia, ng'ambo ya mzunguko mkubwa, ule unaokutanisha barabara nne na watu wasio na subira hata moja. Kwa miguu ni mbali, na asubuhi foleni haisogei. Akasema atakwenda kwa baiskeli.

"Hapana," fundi alisema bila kuinua macho kwenye sahani.

"Baba, si wewe unaendesha?"

"Mimi nimezoea."

"Na mimi nitazoea."

"Utazoea nini, kugongwa? Wakikung'oa meno utajichongea mwenyewe?"

Binti akaangua kicheko, na fundi akajua ameshindwa. Mkewe alisukuma bakuli la mboga upande wake.

"Mtoto akililia wembe mpe," mkewe alisema. "Lakini mwambie kwanza habari ya kioo chako."

Fundi akamwambia yote, kwa aibu kidogo, kama mtu anayekiri kwamba anavaa kofia kuficha upara. Binti alisikiliza mpaka mwisho. Akakitazama kioo kilichoegemezwa ukutani, akamtazama baba yake.

"Kwa hiyo nibebe kioo ili wanione?"

"Ubebe kioo ili ufike."

Alikubali, lakini alikubali kwa heshima tu, na fundi aliliona hilo usoni mwake akajifanya hajaliona. Kesho yake akamfungia kioo kwenye karia kwa mikono yake mwenyewe, akaitikisa fremu kuhakikisha haichezi, akamsindikiza kwa macho mpaka kona. Yeye alikusudia kujitengenezea kingine siku ile ile. Lakini kinyozi hajinyoi. Mteja mmoja alitaka dirisha, mwingine mlango wa kabati, na fundi akawa anakwenda na vioo vya wateja na kurudi karia tupu. Wiki ile ile pikipiki ikamparua muundi. Nyumbani akasema amejigonga kwenye meza ya kukatia vioo. Hakujali. Binti alikuwa akifika kazini na kurudi salama, na hilo ndilo alilolitaka.

Asubuhi moja, akitafuta viatu vyake, akakikuta kioo nyuma ya mlango. Kilikuwa kimegeuziwa ukuta.

"Amekisahau?" aliuliza.

"Hajakisahau," mkewe alijibu. "Amesema amechoka. Anataka apishwe yeye."

"Nawe ukamwacha?"

"Nimfunge kamba? Kichwa kile hakukiokota njiani. Kakirithi humu humu ndani."

Fundi hakungoja chai. Alikifunga kioo haraka haraka, akatoka. Na barabara ikamfungukia, kama ilivyokuwa ikimfungukia siku zote. Gari hili likasogea, lile likasimama, dereva wa basi akatabasamu. Kila aliyempisha alimzidishia hasira. "Si mnaweza!" alijisemea akihema. "Kumbe mnaweza vizuri tu!"

Alimwona binti yake kwenye mzunguko. Alikuwa amesimama panapotakiwa kusimamwa, mguu mmoja chini, akingoja zamu yake. Alimpisha kwanza mzee aliyekuwa akisukuma mkokoteni, kwa kuwa nyumbani alifundishwa kwamba heshima si utumwa. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akanyoosha mkono kuonyesha anakokwenda, akaingia. Alifanya kila kitu kama kinavyotakiwa kufanywa, na hapo ndipo fundi aliposhikwa na hofu.

Gari la kijivu liliingia bila kupunguza mwendo. Halikumgonga kwa nguvu. Lilimkatia njia tu, gurudumu la mbele la baiskeli likaligusa gari, na binti akaanguka ubavu kwenye ukingo wa barabara, baiskeli juu yake.

Dereva wa gari la kijivu akasimama. Akafungua mlango, akatoka mbio, shati limepigwa pasi, tai inapepea. Fundi alimwona akikimbia na kwa kitambo kidogo akamshukuru Mungu kwamba ubinadamu bado upo. Dereva alikimbilia mlango wa gari lake upande wa pili. Akainama, akalamba kidole, akasugua mahali kwenye rangi.

Fundi aliiacha baiskeli kwenye stendi yake katikati ya njia, akamwinamia binti. Kiwiko kilikuwa kinavuja damu na kiganja kimechubuka.

"Umeumia wapi, mama?"

"Kiwiko tu, baba." Alikuwa akiyazuia machozi. "Ilikuwa zamu yangu. Umeona? Ilikuwa zamu yangu."

"Nimeona."

Dereva aligeuka, mdomo tayari umejaa maneno. Kisha akakiona kioo. Uso ukamlainika hapo hapo.

"Ah, mzee wangu, taratibu na hicho kioo," alisema, akinyoosha mkono kumwonyesha njia. Alilisimamisha hata gari lililokuwa nyuma yake. "Pita, pita tafadhali, nakupisha."

"Na huyu?" fundi aliuliza.

"Nani?"

Hakuwa akikejeli. Alitazama huku na huku, kweli akitafuta anayeuliziwa.

Baadaye fundi hakuweza kukumbuka alivyoifungua ile mipira. Alichokumbuka ni uzito wa fremu juu ya kichwa chake, na sauti ya binti ikisema, "Baba, usi—" Kisha akakibamiza kioo kwenye lami mbele ya gari la kijivu, kwa nguvu zote za mtu aliyesukumiwa mtaroni tangu ujana wake.

Vipande viliruka mpaka upande wa pili. Na magari yakasimama. Yote! Barabara zote nne. Lori moja lililoandikwa kifuani Haraka Haraka Haina Baraka lilifunga breki, na huenda ilikuwa mara yake ya kwanza kuyatii maandishi yake. Taa zilikuwa zimeshindwa, alama zilikuwa zimeshindwa, trafiki alipuliza filimbi kila asubuhi mpaka mashavu yakamuuma. Sasa kila mtu alikuwa anayaonea huruma matairi yake. Watembea kwa miguu walitazamana, wakasita, halafu wakaanza kuvuka, wa kwanza kwa kunyata, waliofuata wakitembea wima kabisa. Fundi aliwatazama akaona raha ambayo hakuwa ameionja kwenye barabara ile.

Raha haikudumu. Honi zikaanza, matusi yakafuata, na trafiki akaja, mama mmoja mnene mwenye glavu nyeupe.

"Nani amemwaga vioo?"

"Mimi."

"Mkamate!" dereva wa gari la kijivu alipiga kelele. "Huyu mzee ni mwendawazimu!"

"Wewe egesha pembeni, sijamaliza na wewe. Nimekuona ulivyoingia." Trafiki akamgeukia fundi, akamtazama binti na kiwiko chake, akashusha pumzi. "Hasira hasara, baba. Fagia."

Fundi vioo hatembei bila brashi na gunia, hata akiwa na kichaa. Akavitoa kwenye mkoba wa karia, akapiga magoti, akafagia. Vipande vikubwa alivitia guniani, vidogo akavisukuma pembeni kwenye ukingo wa barabara. Njia ya magari ikawa safi. Trafiki akapuliza filimbi, na la kwanza kupita lilikuwa lori, likafuatwa na mengine, yakimpulizia moshi mgongoni.

"Basi," fundi alisema akiinuka. "Inatosha."

"Haitoshi, baba."

Binti alikuwa amefunga kiganja kwa kitambaa. Aliinama kwenye ukingo, akaokota kipande chembamba cha kioo, akakiinua wote wakione.

"Magari yana matairi mazito, yanapita katikati. Hivi ulivyosukuma huku, nani anapita huku?"

Fundi akatazama. Huku pembeni, kwenye mchanga na maganda, ndiko walikopita wao siku zote, yeye na yule mwenye mkate wa kuuza na wale mafundi ujenzi wa asubuhi, wote na matairi yao membamba. Alikuwa amekipiga kioo kile kumkomoa mwenye gari, na mwenye gari asingetobolewa hata tairi moja. Wangetobolewa wenzake. Hasira ikampanda upya, na safari hii hakuwa na mwingine wa kumtupia. Alirudi kupiga magoti.

Wakaokota pamoja, yeye kwa brashi, binti kwa mkono wake mzima. Honi ziliwapigia kisogoni. Mtu mmoja aliwauliza kama wamehamia hapo.

"Nitakukatia kingine," fundi alisema bila kumtazama. "Chepesi zaidi. Leo leo nikifika karakana."

"Usinikatie, baba."

"Mama, umeona walivyo. Yule hakukuona kabisa. Nimemwuliza, akaniuliza nani."

"Nimesikia."

"Sasa kesho utapita wapi?"

Binti alifikiria kidogo, akakung'uta vumbi kwenye goti.

"Hapa hapa," alisema.

Ile hapana ya mezani fundi hakuirudia. Alijipangusa macho kwa mkono wa shati. Kisha akasogea mbele kwa magoti kufuata ukingo wa barabara, akapapasa mchanga kwa vidole, akitafuta kipande kilichosalia.