Dakika Nne za Giza

...na hili dude la masikioni linabana kama mikono ya mtu anayekuziba usisikie umbea, mimi wa kuzibwa masikio, weee, fundi wa video kanionyesha dole gumba, nami nikatikisa kichwa kwamba sawa, sawa nini wakati mkoba nimeukumbatia kama mtoto mchanga, haya anza basi, kumbe kashaanza, kile kikohozi, Mungu wangu kile kikohozi, ni yeye, wifi yangu, mke wa kaka yangu, miaka mitatu yuko chini ya udongo na anakohoa hapa utadhani kakaa nyuma ya kiti changu, na mbona safi hivi, hata kitanda cha hospitali nakisikia kinavyolia chuma... maana mara ya kwanza nilimtumia fundi ile video kwa simu, akasema mama, hii imeminywa njiani, anasikika kama mtu kaingiza kichwa kwenye ndoo, niletee simu yenyewe iliyorekodi, nikamwambia simu yenyewe ni ya zamani, kioo kimepasuka kama visigino vyangu, akasema lete hivyohivyo, video ni kama boksi, picha kivyake sauti kivyake, mimi nafungua natoa sauti kama ilivyolala, siigeuzi, kila ukiigeuza inapungua, nikasema hapo nimekuelewa mwanangu, ni kiporo hicho, kila ukikipasha ladha inakimbia, tukacheka mpaka mteja wa nje akachungulia, mimi kwa kucheka sijambo, ndo balaa lenyewe hilo... anasema, kaanza kusema, "Mwanangu, mimi sina maneno mengi kama shangazi yako," na mimi huyo nadakia, jamani mdomo huu, "Sema basi wifi, simu inakula chaji!" na yeye anacheka kidogo, kale kacheko kake ka puani, khaa, nilikuwa nimekasahau, miaka ishirini jikoni kwake namcheka anavyokata vitunguu taratibu kama anavihurumia, yeye ananiita Spika, Spika kafika, fungeni madirisha, na watu wanasema wifi na wifi hawapikiki chungu kimoja, waje waniulize mimi... na mwenye kuitaka sauti ni mwanawe, kanipigia wiki iliyopita kutoka huko anakofanya kazi, shangazi, nimesahau sauti ya mama, nikasema nikutumie video, akasema hapana, siwezi kumwangalia alivyokonda, nitolee sauti tu bila picha, nikasema usijali mwanangu, kesho tu, mimi na mdomo wangu, sijakata simu nimeshajuta, kwa sababu najua kinachokuja sasa hivi, hiki hapa, kinakuja, "Nataka ujue kwamba..." na sauti yake inakatika, na kwa kwa kwa kwa, mimi huyo, kicheko kama bati linaburutwa, simu iko mkononi mwangu, mdomo wangu ndo uko karibu nayo, yeye yuko kule kwenye mto wake wa kulalia anasema neno lake la mwisho kwa mwanawe na mimi nimelifunika lote, lote, sekunde ngapi sijui, na mkisikia mtasema huyu mwanamke kichaa anacheka nini mbele ya mgonjwa, nilikuwa sicheki jamani, kilio kilinipanda hadi hapa kooni nikakiziba na kicheko, niliapa hataona chozi langu, kicheko ndo kizibo changu tangu utoto, hata baba alipokufa nilicheka nikachapwa... kwa hiyo alisema nini, sijui, nilikuwa palepale na sijui, na msibani huyo binti yake kaning'ang'ania shingoni, shangazi, mama alisema nini, watu wote wananiangalia, ningesema nini mimi, nikasema, kasema usome, uwe na subira, na usimwache shangazi yako, hilo la mwisho nililiongeza mwenyewe, ah, yote niliyaongeza mwenyewe, na mtoto kayaandika kwenye karatasi, kayabandika juu ya kitanda chake, maneno ya mama, ya mama gani, ya Spika... fundi ananivuta dude sikio moja, "Mama, hapo kicheko kimemfunika mgonjwa. Nikikifuta na yeye anafutika, vimeshikana. Labda nikate kipande chote," na moyo unaniambia kata, kata fundi, mwambie binti simu iliharibika hapohapo, karatasi ibaki ukutani, nani atajua, nimeshaanza kulivua hili dude, fundi kanishika mkono, "Bado mama." "Bado nini, si niliitupa simu kitandani nikatoka?" "Uliitupa bila kuizima. Picha ndo imeingia giza, sauti inaendelea, zimebaki dakika nne na kitu," dakika nne, kila nilipoiangalia nikiona giza nilikuwa nazima nikijua imekwisha... kimya, blanketi linakwaruza, mlango, na kule mbali kwenye korido mtu analia kama mbwa kagongwa, nani huyo, ni mimi, jamani kilikuwa kinasikika hadi ndani, halafu viatu, muuguzi, yule mfupi, "Mama, wifi yako mbona analia hivyo huko nje? Nimwite?" na wifi yangu, karibu kabisa sasa, simu iko ubavuni pake, nasikia hadi mate anavyomeza, "Mwache. Anadhani sijui. Kila akicheka namna ile najua analia. Mwambie nimelala, apate kulia vizuri," na muuguzi, "Na binti umemaliza kumwambia?" na yeye anavuta pumzi, ndefu, "Nimesema, Spika kacheka juu yake," kale kacheko ka puani tena, "basi, atamwambia yeye. Yeye anajua kusema kuliko mimi"... na muuguzi alikuja kweli, akanipa simu, akasema amelala, tumwache apumzike, nikaenda nyumbani na hasira, nikasema wifi kaamua kulala tu, jioni hospitali wakapiga simu kwamba keshaondoka, miaka mitatu nimekuwa na hilo jiwe, kalala bila kuniaga, kumbe hakulala, alikuwa ananisikiliza... na bado sijui, Spika bado hujui, kwamba nini wifi, nataka ujue kwamba nini, hata fundi awe na mashine ya dunia nzima hataweza kulitoa, liko chini ya meno yangu... fundi anasema kitu, naona midomo tu, nashusha dude shingoni, "Mama, ndo mwisho. Nikate wapi?" na mteja wa nje anachungulia tena, anasubiri nicheke kama mwanzo, na mimi nimeufungua mdomo kabisa, kiko hapa kooni, nakijua kinavyopanda, nikakiacha kipite, kikatoka kilio, palepale kwenye kiti cha fundi, mchana kweupe, sikukiziba, "Usikate," nikasema, "usikate hata pumzi, mtumie yote, na hilo bati langu, na hilo giza," na karatasi, karatasi nitampigia mwenyewe nimwambie, mwanangu, yale ukutani ni ya kwangu, ya mama yako niliyacheka... ila kasema nikuambie, na fundi kasimama na kitambaa cha kufutia vioo mkononi, hajui anipe au asinipe.