Chanjo ya Mlali

Mwaka wa pili wa vita vya Wadachi, ndui ilikaribia Mlali. Boma la serikali likatangaza kwamba daktari atakuja kuchanja watu. Kabla hajafika yeye, ulifika uvumi: ati kisu chake cha kuchanjia kina sumu ya kuua uzazi, na mwenye kovu ni mali ya serikali.

Gideoni, mwalimu wa misheni, aliusikia kisimani akaudhika. Halfani, mchuuzi wa chumvi kutoka Kondoa, akamvuta kando.

"Mwalimu, ya sumu siyajui. Lakini kwetu watu waliitwa hivi hivi, na vijana hawakurudi."

"Uliona kwa macho yako?"

"Niliambiwa."

"Basi ndiyo hayo hayo ya kuambiwa."

Jumapili Gideoni alifundisha kanisani amri inayokataza ushahidi wa uongo. "Ukibeba neno usilolijua ukalitua mlangoni kwa jirani, umeshuhudia uongo. Mungu wetu ni Mungu wa kweli. Mbele zake nawaambia, njooni mchanjwe." Akakunja mkono wa shati, akawaonyesha kovu lake la zamani.

Wakaja. Zipora, mjane, alikuja na mwanawe Sila, na mjukuu mgongoni. Wanaume walitangulia kuchanjwa. Wa mwisho alipokwisha kuchanjwa, askari wakawazunguka, wakawafunga kamba shingoni mmoja mmoja. Vita vilitaka wapagazi. Wanawake wakapiga yowe, wakakimbilia porini na watoto wao.

Gideoni alimwendea daktari. "Bwana, niliwaahidi hawa kwa jina la Mungu!"

Daktari aliendelea kupangusa kisu chake. 

Zipora alirudi jioni. "Mwalimu, walikufahamisha?"

"La, mama. Sikujua."

"Hukujua, na ukasema."



Mwezi uliofuata ndui iliingia nyumba kwa nyumba. Gideoni alizunguka akisihi watoto wapelekwe kuchanjwa, maana chanjo yenyewe ilikuwa njema. Aliyasema yaliyo kweli tupu, na milango ikafungwa. Wengine walisema kanisa ndilo lililoleta ugonjwa. Hata Loisi, mkewe, alimwambia, "Nyamaza, baba. Kila ukisema, wanazidi kuficha watoto."

Mjukuu wa Zipora alikufa siku ya nane ya kuugua. Gideoni alifika na jembe, akachimba kaburi hadi mwisho bila mtu kumzuia. Alipovua kofia ili aombe, Zipora akainua mkono.

"Hapana. Wewe nenda."

Akaenda. Sila na wenzake hawakurudi.