Utafiti wa Hadi Leo

Kamba iliyonifunga niliisokota mwenyewe. Mwaka 2019 nilisajili mada ya shahada yangu ya uzamivu: maendeleo ya utafiti kuhusu vituo janja vya utalii, tangu mwanzo hadi leo. Vituo hivyo ni miji inayompokea mgeni kwa simu, kamera na takwimu. Nilikuwa na kiherehere. Sikujua kwamba leo haiishi.

Kazi yangu ilikuwa kusoma makala za watafiti na kueleza walivyobadilika. Wa kwanza walishangilia intaneti ya bure na mashine za kuhesabu watu. Waliofuata wakahamia kwenye takwimu. Nikamaliza mwaka 2021, nikakimbilia mtaa wa Kanyenye kwa Mzee Fakhrudin, mchapaji, nikaagiza kazi ichapwe na kutiwa jalada gumu lenye herufi za dhahabu kabla hata msimamizi wangu, Dokta Mathias, hajasaini. Haraka haraka haina baraka. Dokta Mathias alisema Korona imebadilisha kila kitu, watafiti sasa wanaandika jinsi ya kuzuia msongamano, niongeze. Tena niondoe sura niliyoandika kuhusu mji wetu wa Tabora, maana hakuna makala hata moja iliyoitaja.

Sura hiyo niliipenda kuliko zote. Nilikuwa nimekaa na wanawake tisa wanaoishi kando ya njia ya zamani ya misafara, nikawauliza wangetaka mgeni aonyeshwe nini, na nini asikione kabisa. Niliifuta kwa mkono wangu. Daftari za mahojiano zikaliwa na mchwa nyumbani Ipuli.

Mwaka 2023 zikaja makala za akili mnemba, nikaongeza tena. Kubadili mada kulihitaji kikao ambacho hakikai. Nikaanza kuchukia kila asubuhi, kwa sababu ilileta makala mpya. Mama akaacha kuniuliza namaliza lini, na hilo liliniuma kuliko maswali yake.

Mwaka huu chuo kikaniandikia: Ijumaa saa kumi jioni kazi iwe imesainiwa, ama sivyo jina langu lifutwe. Jumatano Dokta Mathias akapiga simu. Alisema utafiti umegeuka, sasa kila mtu anauliza wakazi wenyewe wanataka nini.

“Veneranda, mbona Tabora haimo?”

Nilikata simu kana kwamba mtandao umepotea. Ningefungua mdomo ningemtukana, na saini yake bado niliihitaji.

Siku mbili zisingetosha kuwarudia wale wanawake, na watatu kati yao walishafariki. Nilikwenda kwa Mzee Fakhrudin kumwambia asiandae jalada jingine, nimeshindwa. Alinisikiliza hadi mwisho, akapanda kwenye stuli, akashusha kitabu chenye vumbi. Kilikuwa kile cha 2021, ambacho sikurudi kukichukua kwa aibu.

“Kazi ya mtu haitupwi, mwanangu. Nilijua utaifuata.”

Sura ilikuwepo, nzima. Alhamisi nilishinda dukani kwake nikiipiga chapa neno kwa neno. Hata tarehe za mahojiano niliziacha zilivyokuwa, nikamtumia Dokta Mathias usiku huo.

Ijumaa saa nane mchana saini yake ikaja na ujumbe mfupi: “Sura mpya ni nzuri kuliko zote. Inaonyesha miaka hii umekua.”

Mzee Fakhrudin akauliza aandike mwaka gani kwenye jalada, ule wa 2021 au huu. Nilikaa kwenye benchi lake nikalia.