Mwari wa Kompyuta

Nyumba ya Bibi Subira kule Kinondo haikujua kufungwa mlango. Asubuhi huingia anayeomba chumvi, mchana anayeleta habari, jioni anayekuja kuuliza zile habari za mchana ziliishia wapi. Kwa hiyo mjukuu wake Mwanarusi aliposoma masharti ya mtihani kwenye simu, aliyarudia, kisha akampa Swabir ayasome yeye, maana macho yake mwenyewe alikuwa ameacha kuyaamini.

"Chumba kiwe kitupu," Swabir akasoma. "Ukutani pasiwe na kitu. Mlango ufungwe, mtahiniwa awe peke yake. Asiseme wala asisemeshwe. Sauti ya mtu mwingine ikisikika, mtihani unafutwa na ada hairudi."

"Peke yangu? Hapa Kinondo?"

"Ndivyo walivyoandika."

"Kwani hao walioandika hawana majirani?"

Swabir alikuwa fundi wa simu pale Kona ya Musa, na ndiye aliyemfundisha Mwanarusi kushika bisibisi. Sasa Mwanarusi alikuwa anatafuta cheti cha ufundi wa kompyuta, kile cha mwanzo kabisa. Hoteli moja ya Diani, ambako alikuwa akiitwa kama kibarua kuzinyoosha printa zao kaidi, ilikuwa imemwambia: fanya mtihani ufaulu kabla mwezi haujaisha, nafasi ya fundi ni yako, usipofaulu tunamchukua mwingine. Kituo cha mtihani cha Mombasa kilikuwa kimejaa hadi mwezi uliofuata. Ikabaki kuufanyia nyumbani mbele ya kamera, msimamizi akimtazama kutoka nchi asiyoijua. Na cheti chenyewe kilikuwa na mitihani miwili, jambo alilokuja kuligundua alipokuwa amekwisha kulipia mmoja. Hoteli ikamwambia basi, huo mmoja unatosha kuanzia.

Kusoma kwenyewe kulikuwa kwa kuunga unga. Kompyuta ilikuwa ile iliyotupwa na hoteli, akaitilia kumbukumbu, ile ram, aliyoitoa kwenye maiti ya kompyuta nyingine. Kitabu kilikuwa cha Swabir, kikuukuu, nusu yake kikifundisha disketi ambazo Mwanarusi hakuwahi kuziona hata jalalani. Video zilikuwa za bure, akizipakua kwa waifai ya hoteli, na kila mwalimu wa video alikuwa na lake. Huyu anasema hili halitaulizwa, yule anasema ndilo litakaloulizwa. Akisonga ugali, hatua za printa ya leza zinamjia zote kwa mpangilio. Akikaa kitako kuziandika, zinamtoroka kama kuku walioona kisu.

Na alisoma hapo hapo barazani, katikati ya watu, kwa sababu hakukuwa na pahali pengine.

Siku mbili kabla ya mtihani, yeye na Swabir wakahamisha vitu vya chumbani kwake. Kitanda kikatoka, kabati likatoka, picha ya Makka ikateremshwa ukutani. Ikabaki meza na kiti. Mwanarusi akajifungia afanye mazoezi ya kukaa kimya, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani.

Husna, jirani wa ng'ambo ya ua, aliona kitanda kimebebwa na kijana. Akaona mlango umefungwa. Akamuuliza Bibi, "Mwanarusi haonekani leo?"

"Haonekani, wala hasemi na mtu mpaka Jumamosi," Bibi akajibu huku akipepeta mchele, kwa kuwa ndivyo alivyoelezwa.

Husna hakuuliza tena. Msichana kajifungia chumbani, vitu vimetolewa, haongei na mtu, na kuna siku maalumu. Mtu wa Kinondo ahitaji kuambiwa nini zaidi?

Kesho yake asubuhi Mwanarusi akakuta nje ya mlango wake sinia la liwa ya kujisinga, chupa ya mafuta mazuri na leso mpya ambayo haijakatwa. Akashangaa. Kumbe watu wameujali mtihani wake kiasi hiki! Lakini liwa ya nini? Ndiyo ya kupaka mkononi ili mkono usitetemeke? Akajipaka kidogo, asiwavunje moyo.

Jumamosi ikafika. Aliketi mbele ya mashine, amekwisha kuizungusha kamera ukutani na chini ya meza, na skrini ikamwambia angoje, msimamizi anakuja. Hapo ndipo alipovisikia vigelegele vikipanda kutoka njiani, na nyuma yake ngoma.

Akachungulia mlangoni. Ua ulikuwa umejaa wanawake, Husna mbele. Bibi Subira alikuwa amewakinga kwa mikono miwili, kama afukuzaye mbuzi shambani.

"Bibi, hawa wana nini?"

"Wanasema unaolewa," Bibi akanong'ona.

"Na nani?"

"Hilo hata mimi nangoja kulisikia."

"Basi waambie ukweli! Waambie ni mtihani!"

Bibi akamtazama. "Nikiwaambia ni mtihani, wataingia mmoja mmoja kukuombea dua, na hakuna anayejua kuomba dua polepole hapa. Lakini wakidhani ndani mna mwari, nikiwakanya watanyamaza. Mwari hasemeshwi. Chagua, mwanangu, na uchague sasa hivi."

Mwanarusi akafikiri jinsi jina lake litakavyotembea kutoka Kinondo hadi Msambweni. Akafikiri juu ya ile nafasi ya Diani. Akaurudisha mlango.

Nje akamsikia Bibi. "Ngoma mlangoni kwa mtu aliyejifungia? Mmeyaona wapi haya? Kaeni mkekani, na atakayefungua kinywa, nuksi na imwandame yeye na binti zake."

Kukawa kimya. Msimamizi akatokea, akaridhika, na mtihani ukaanza.

Basi hapo ndipo balaa lilipokuja. Mwanarusi alisoma swali la kwanza, asilielewe. La pili, vivyo hivyo. Kimya kilimziba masikio kama maji. Yote aliyoyasoma aliyasoma kwenye kelele. Sasa kelele hakuna, na yale yote hayapo. Alikodolea macho swali la namba ya mlango wa kuiingilia kompyuta iliyo mbali, na kichwani mwake mlikuwa na weupe mtupu.

Aliisoma lini namba ile? Siku ile Husna alipokuwa akisimulia talaka ya shemeji yake. Mwanarusi akaanza kuivuta ile hadithi: shemeji karudi kutoka Jego, kakuta mtungi umevunjika, kasema hivi, kajibiwa hivi... na pale shemeji alipotupa talaka, namba ikaja, imekaa palepale ilipoachwa. Elfu tatu, mia tatu, themanini na tisa. Akaibonyeza. Hatua za printa zilikuwa ndani ya harusi ya Galu iliyoishiwa na pilau. Nyaya zilikuwa kwenye ugomvi wa mpaka wa shamba. Akaenda hivyo, umbea kwa umbea, swali kwa swali, mengine akiyapata, mengine akiyabahatisha na kumwachia Mola.

Skrini ikamwambia amefaulu. Akaisoma mara nyingi, hakuelewa ni nani anayeambiwa.

Alipofungua mlango, kimya cha mkekani kilipasuka. Vigelegele, ngoma, mikono ikimvuta huku na huku.

"Nikahi ni lini?" Husna akapaza sauti.

"Hakuna nikahi, Husna! Nilikuwa nafanya mtihani. Wa kompyuta!"

"Mmemsikia?" Husna akawageukia wenzake. "Mwari mwenye haya zake. Hata mimi nilikana mpaka siku ya mwisho!" Na kila alivyozidi kukana, ndivyo walivyozidi kupiga vigelegele.

Swabir akaingia uani, jasho linamtoka.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, karibu," Bibi akasema, kwa upole uliompa Swabir wasiwasi zaidi.

Akamvuta Mwanarusi pembeni. "Umefaulu?"

"Nimefaulu."

"Alhamdulillahi. Sasa nisikilize. Msikitini watu wamenipa mkono mmoja baada ya mwingine, wanasema hongera. Mimi nikadhani ni kwa kukufundisha, nikawaitikia wote. Mwanarusi, nimeitikia nini mimi?"

Mwanarusi akamtazama, akawatazama wanawake, akamtazama Bibi aliyejifanya anakunja mkeka.

"Sijui," akasema. "Kule ndani angalau nilipewa majibu manne nichague."